Maharage 84 na nchi 11: namna ya kuendesha mkutano wa kuigiza wa Mto Nile darasani

Mara ya kwanza nilipowaigizisha wanafunzi wangu Umoja wa Mataifa, tulianza na suti. Tulichora bendera, tukatandika vitambaa mezani, vijana wawili wenye Kiingereza chepesi wakazungumza saa nzima na wenzao 58 wakapiga makofi. Mada ilikuwa "amani duniani". Kila nchi ilisema inapenda amani. Azimio likapita kwa kishindo, tukapiga picha. Kesho yake nikamwuliza binti aliyekuwa balozi wa Urusi: hivi Urusi inataka nini hasa? Akanijibu, "Amani, Mwalimu."

Kosa lilikuwa langu. Nilimpa mada isiyo na cha kugombea. Mwanafunzi huanza kuelewa dunia pale anapogombea kitu kinachohesabika na kisichotosha, na mbele yake amekaa mwenzake mwenye haja ya kweli na kitu hicho hicho. Kwa hiyo nikaachana na amani duniani, nikachukua maji. Nafundisha Jiografia Mwanza. Maji yenyewe yanaonekana kutoka dirishani.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa sekondari mwenye darasa la wanafunzi 60 hivi, ubao, chaki, na vipindi viwili mfululizo kwa siku nne. Projekta haihitajiki. Suti pia hapana.

Kabla ya yote: wewe mwenyewe ujue mgogoro

Huwezi kuendesha mkutano wa Nile kwa kusoma ukurasa mmoja usiku wa kuamkia kipindi. Haya ndiyo ninayohakikisha nimeyashika kichwani.

Bonde la Nile lina nchi 11: Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Misri, Eritrea, Ethiopia, Kenya, Rwanda, Sudan Kusini, Sudan, Tanzania na Uganda. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilikubaliana na Misri kwamba pasijengwe kitu cha kupunguza maji kwenye mto, matawi yake, wala kwenye maziwa unakotoka, bila ridhaa ya Misri. Hapo Ziwa Victoria limo. Mwaka 1959 Misri na Sudan, peke yao, zikagawana maji yote. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi. Mwaka 1999 nchi za bonde zikaanzisha mpango wa pamoja, NBI, wenye makao yake Entebbe. Mwezi Mei 2010, hapo hapo Entebbe, Ethiopia, Rwanda, Tanzania na Uganda zikasaini mkataba mpya wa ushirikiano. Kenya ikafuata siku chache baadaye, Burundi mwaka 2011. Misri na Sudan zikakataa. Sudan Kusini iliporidhia mwaka 2024, idadi iliyotakiwa ya nchi sita za kuuridhia ikatimia, na mkataba ukaanza kazi tarehe 13 Oktoba mwaka huo. Katikati ya yote hayo, tangu 2011, Ethiopia ilikuwa inajenga bwawa lake kubwa la umeme, GERD. Lilizinduliwa Septemba 2025.

Usiwamwagie wanafunzi yote haya siku ya kwanza. Mengine yatatoka kwenye karatasi zao, tena yatatoka kwa hasira, na hapo ndipo yatakapokaa.

Siku ya kwanza: maharage kabla ya hotuba

Nenda darasani na maharage makavu 84, uwe umeyahesabu kweli maana watakuhesabia. Kila punje ni mita za ujazo bilioni moja. Maharage 84 ndiyo maji ya mwaka mmoja wa wastani yanayofika Aswan, kusini mwa Misri, kwa hesabu iliyotumika mwaka 1959. Yamwage mezani mbele ya wote.

Chukua punje 10, ziweke dirishani juani. Hayo ni maji yanayopotea kwenye bwawa la Aswan, mengi yake kwa kugeuka mvuke. Zinabaki 74. Mwite mwanafunzi mmoja awe Misri, mpe 55. Mwite mwingine awe Sudan, mpe 18. Imebaki moja. Ipasue katikati (haragwe hupasuka vizuri sana, ndiyo sababu situmii vizibo vya soda) na umpe kila mmoja nusu. Misri 55.5, Sudan 18.5. Meza imebaki tupu.

Hapo nyamaza. Usieleze chochote. Kwa kawaida atakayeuliza ni yule wa nyuma asiyeulizaga: "Mwalimu, na sisi?"

Sasa chora mto ubaoni, na uandike kwamba karibu asilimia 85 ya maji hayo hutoka kwenye milima ya Ethiopia. Waache wapige kelele. Wakishatulia, waulize swali la upande wa pili: Misri ina watu zaidi ya milioni 100, mvua yake ni kidogo mno, na karibu maji yake yote ni ya mto huu. Ungekuwa wewe, ungerudisha punje ngapi? Kama kelele haijapungua kidogo hapo, rudia swali.

Dakika zilizobaki ni za kugawa nchi.

Kugawa nchi

Kwa kura ya vikaratasi, isipokuwa mmoja: yule aliyepiga kelele kuliko wote kwamba Misri ni wezi, mpe Misri. Atalalamika. Mwache alalamike, kisha mkabidhi karatasi yake.

Kwa watu 60 mimi hugawa hivi: nchi 11, wajumbe wanne kila moja, ni 44. Meza kuu wanne: mwenyekiti, makamu, katibu na mtunza muda. Wanne sekretarieti, wanaonakili rasimu kwa mkono na kuzisambaza. Wanne waandishi wa habari, ambao kila mwisho wa kikao husoma taarifa ya dakika mbili. Wanne waliobaki ni waangalizi: wakulima wawili wa bondeni Misri na wavuvi wawili wa Ziwa Victoria. Hawapigi kura, lakini wana haki ya kuzungumza mara moja kwa siku, na mara nyingi ndio wanaosema neno ambalo mabalozi wanalikwepa. Eritrea katika NBI ni mwangalizi, na darasani nayo huzungumza bila kupiga kura. Hivyo kura ni kumi.

Mwenyekiti asiwe mwanafunzi bora wa darasa. Awe yule anayeheshimiwa uwanjani, kwenye mpira au netiboli. Anayejua kuamua ugomvi wa faulo ataamua na huu.

Karatasi ya siri

Hiki ndicho kiungo chenyewe. Ukiwa na muda wa kuandaa kitu kimoja tu, andaa hiki. Kila ujumbe unapata karatasi moja, haionyeshwi kwa mwingine, ina sehemu nne: kwa nini una haki, unataka nini, unaweza kutoa nini, na nini ukisaini huwezi kurudi nacho nyumbani.

Sehemu ya tatu ndiyo walimu wengi huisahau. Bila cha kutoa, mwanafunzi hana la kufanya ila kurudia msimamo wake kwa sauti kubwa zaidi, na hapo umerudi kwenye mdahalo wa kawaida wa shule, ule wa "mwalimu ni bora kuliko daktari".

Karatasi ya Misri niliyoitumia mwisho ilisomeka takriban hivi. Haki: watu wako wameishi kwa mto huu maelfu ya miaka na hawana mto mwingine, una mikataba ya 1929 na 1959. Unataka: mkataba mpya utambue matumizi yako ya sasa. Unaweza kutoa: wataalamu wa umwagiliaji, fedha za miradi ya pamoja, kununua umeme. Huwezi kurudi nyumbani na: sentensi yoyote inayogusa 55.5.

Ya Ethiopia: maji mengi yanatoka kwako, na hukualikwa mwaka 1929 wala 1959. Umejenga bwawa la megawati 5,150, na wananchi wako wenyewe walilichangia na kununua hati fungani. Unaweza kutoa: taarifa za kila siku za kiasi cha maji, na ahadi ya kuachia maji zaidi wakati wa ukame. Huwezi kurudi na: neno "ruhusa".

Sudan ni karatasi tamu kuliko zote, maana inavutwa huku na huku. Bwawa la jirani linaweza kumpunguzia mafuriko, lakini likiendeshwa bila taarifa linamtia hofu, kwa kuwa liko karibu kabisa na mpaka wake. Tena mkataba wa 1959 unamfunga kusimama na Misri nchi nyingine zikidai maji, na kitakachotolewa kikatwe sawasawa kwa wote wawili. Mpe Sudan wajumbe wenye subira.

Tanzania: msimamo wa 1962. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaanza kuyavuta maji ya ziwa hadi Kahama na Shinyanga. Unashirikiana na Rwanda na Burundi kwenye umeme wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa kwa nchi tatu, kwa hiyo una mfano hai wa kuonyesha. Watoto wa Mwanza wakipata Tanzania hujiona wameshinda. Ndiyo maana sehemu yao ya nne huwa ngumu: hawawezi kurudi nyumbani ikiwa Misri imetoka nje ya ukumbi.

Nchi ndogo usizinyime. Mpe Burundi kura ambayo wakubwa wanaihitaji, uone atakavyobembelezwa.

Wape jioni mbili za kusoma na kuandika ukurasa mmoja wa msimamo. Mmoja kwa ujumbe, siyo kwa kila mtu; kurasa 60 hutazisoma.

Kanuni

Chache, na nazichukua bungeni kwa sababu wamekwisha kuzisikia redioni. Anayetaka kusema anainua kibao cha nchi yake. Hotuba dakika mbili. "Taarifa" ni kwa ajili ya kusahihisha ukweli, na "kuhusu utaratibu" ni kwa kanuni iliyovunjwa. Anayezitumia kuchomekea hotuba ananyang'anywa kibao kwa dakika tano. Akidi ni nchi saba.

Na moja isiyo ya bungeni: hakuna "mimi". Ni "Misri inaona", "Kenya haikubaliani". Inaonekana kitu kidogo, lakini ndiyo inayofanya ugomvi ubaki mezani usitoke nao kwenda bwenini. Nilipoilegeza mwaka mmoja, vijana wawili walinuniana hadi mitihani ya mwisho wa muhula.

Kuhusu lugha: fanyeni kwa Kiswahili. Najua sekondari tunafundisha kwa Kiingereza na kuna wakuu wa shule watakaokunja uso. Waambie Umoja wa Afrika uliifanya Kiswahili lugha yake ya kazi Februari 2022, kwa hiyo mabalozi wako wako ndani ya sheria. Kwa Kiingereza, wale wawili wa mwanzo watazungumza saa nzima. Kwa Kiswahili nimemsikia mvuvi wangu wa kuigiza, kijana ambaye hajawahi kunyoosha mkono, akimwambia balozi wa Misri kwamba kwao wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Misri imekuwa mgeni ziwani tangu 1929. Darasa lilisimama.

Siku ya pili na ya tatu: pigania sentensi moja

Usiwaambie waandike azimio zima. Watakuletea kurasa tatu za "tunasisitiza umuhimu". Wape sentensi moja iliyo halisi, ndiyo iliyovunja mazungumzo yenyewe: kifungu cha 14(b) cha mkataba wa 2010.

Iandike ubaoni. Upande wa nchi nyingi ulitaka isomeke kwamba nchi za bonde zinakubali kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine yoyote ya bonde. Misri ilitaka: kutoathiri vibaya usalama wa maji *na matumizi na haki za sasa* za nchi nyingine yoyote. Pigia mstari maneno yaliyoongezwa, halafu uliza: maneno haya yana maharage mangapi ndani yake?

Mpaka waone kwamba "haki za sasa" maana yake ni 55.5, yaani ile meza tupu ya siku ya kwanza, hamtasonga. Wengine huona kwa dakika moja, kuna darasa lilichukua kipindi kizima. Usiwasaidie haraka. Kwa maoni yangu hapo ndipo kiini cha zoezi kilipo: mtoto anagundua kwamba neno moja kwenye karatasi linaweza kuwa na uzito wa shamba.

Kikao rasmi kisizidi dakika 25. Baada ya hapo mwenyekiti anatangaza mapumziko ya kahawa, dakika 30, kahawa isiyokuwepo. Wajumbe wanainuka, wanazunguka, wanateta chini ya mwembe, wanaandikiana vikaratasi. Darasa litaonekana limesambaratika, na mkuu wa taaluma akipita atauliza kulikoni. Mweleze mapema. Kazi yote inafanyika hapo nje. Hotuba za ndani ni za magazeti.

Wewe fanya nini wakati huo? Tembea na daftari, mikono nyuma. Andika nani kaenda kwa nani, nani kapendekeza neno gani, nani kabadilisha msimamo na kwa malipo gani. Hayo ndiyo maksi. Hotuba nzuri naipa 5 kati ya 30. 10 ni za ukurasa wa msimamo, 15 za mazungumzo. Ukigeuza uwiano huo, utapata wahubiri.

Wakikwama kabisa, nong'oneza kwa sekretarieti kwamba maji siyo kitu pekee mezani. Kuna umeme, taarifa za mvua, ratiba ya kujaza bwawa, fedha. Wengi hugundua wenyewe kwamba punje haiwezi kuliwa na watu wawili, lakini umeme uliotokana na maji unaweza kuuzwa na maji yakaendelea na safari yake.

Kisha dharura. Siku ya tatu, katikati ya mapumziko, waandishi wa habari wanaingia na taarifa uliyowapa: mvua za mwaka huu zimeshindwa Ethiopia, maharage ni 60. Rudisha maharage mezani, ondoa 24 mbele ya macho yao. Walioahidi "kuachia maji zaidi wakati wa ukame" watakumbushwa ahadi. Wasioandika kiasi watajuta. Hii hutokea kila mara: wameandika "kiasi cha kutosha", na sasa kila mmoja ana "kutosha" yake.

Siku ya nne: kura, halafu viti

Piga kura kwa kuita nchi moja moja kwa jina, ndiyo, hapana, au imejizuia, na kila nchi iseme sababu kwa sentensi moja. Waandishi wasome taarifa. Isizidi dakika 30.

Dakika zinazobaki, wabadilishe viti. Misri wahamie kwa Ethiopia, Tanzania kwa Sudan, na kadhalika. Wasome karatasi ya siri ya waliowarithi. Halafu swali moja la kuandika, bila kuzungumza: ulipokuwa upande ule, ni kitu gani hukukijua kuhusu upande huu? Karatasi hizi nazikusanya na sizipi maksi. Yule aliyepiga kelele kuhusu wezi aliniandikia mistari miwili tu: kwamba bado anaona mgawanyo ule haukuwa wa haki, lakini asingesaini kurudisha hata punje moja bila kujua mkulima wa bondeni atakula nini.

Ukitaka mada nyingine

Sangara wa Ziwa Victoria hufanya kazi vizuri na darasa dogo, kwani pande ni tatu tu, Kenya, Uganda na Tanzania, na ziwa limegawanyika isivyo sawa: Kenya ina takriban asilimia 6. Nyavu, mipaka, na samaki asiyejua mpaka.

Baraza la Usalama ni gumu zaidi kwa sababu ya kura ya turufu. Wanachama 15, kura 9 zinatosha, lakini mmoja kati ya watano wa kudumu akisema hapana, basi. Wanafunzi huona ni uonevu wa kubuni mpaka uwasimulie mwaka 1981, Salim Ahmed Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa: China ikamzuia Kurt Waldheim, aliyekuwa akiushikilia, duru baada ya duru, Marekani ikamzuia Salim, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na nafasi ikaenda kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Fanya hilo na Kidato cha Tano kwenda juu.

Wakishindwa kukubaliana

Watakuuliza kama wamefeli. Darasa langu la mwisho halikuafikiana wote: kura saba kwa mbili, moja imejizuia, na Misri wakatoka nje kwa mwendo wa taratibu wa kibalozi, wakasahau madaftari. Sekretarieti wakaja na rasimu yenye sentensi zote mbili, moja juu ya nyingine, na alama ya kuuliza pembeni. Nikawaambia ndivyo wenyewe walivyofanya Entebbe. Kifungu cha 14(b) kiliwekwa kwenye kiambatisho, kije kimalizwe na kamisheni ya bonde ndani ya miezi sita baada ya kuundwa kwake. Maharage niliyarudisha kwa mama wa jikoni, 83. Moja lilikuwa limebaki vipande viwili mfukoni mwa mtu.